Mkono wa Bi Zuhura Uliobaki Pichani

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ya harusi yangu mwenyewe, mwanangu, na mke wangu asisikie. Nilikuwa kijana, nina kompyuta moja na kamera moja pale mtaani Mishomoroni, nikiwatengenezea watu tovuti. Kazi niliyojivunia ilikuwa kupunguza picha. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa kujikokota. Picha nzito ilimchosha mteja akaondoka kabla haijafunguka, na kwenye barua pepe ilirudishwa. Basi nilipatana bei na kila picha kama mtu anunuaye samaki. Megabaiti nne? Teremsha. Kilobaiti mia tano? Bado ghali. Nikifika themanini ndipo naridhika.

Bi Zuhura alikuwa mpishi wa harusi, biriani yake ikijulikana Kisauni nzima. Alinitaka nimwekee sufuria zake kwenye tovuti. Yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kupigwa picha, hata moja. "Piga chakula, mwanangu. Sura yangu mimi si ya kuuza."

Tulikuwa Magogoni, uani kwa wenye harusi, yeye amefunua sufuria kubwa, mvuke umemzunguka. Nikamwambia, "Bi Zuhura, mchele huu umeuhesabu? Naona imepungua punje moja."

"Hiyo umeila wewe ulipoonja, mwizi mkubwa!" Akacheka kwa meno yote, mfuniko mkononi. Nami nikabonyeza.

Nilipomwonyesha, alijitazama muda mrefu kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Nilidhani ataniambia niifute.

"Haya," akasema taratibu. "Huko kwenye mtandao weka sufuria peke yake. Hii nzima mpelekee Mwanakheri." Mwanakheri ni bintiye, aliyeolewa ng'ambo, mwaka wa sita hajarudi. "Aniambia ameanza kunisahau sura."

Nikarudi dukani. Nikaikata picha ibaki sufuria, nikaipunguza, nikaihifadhi kwa jina lile lile, juu ya ile ya asili. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta kwa ajili ya kazi ya kesho. Nilipotaka kumtumia Mwanakheri ndipo nikaona nilichofanya. Wallahi, picha ilikuwa nyepesi sana. Nilikuwa nimemtoa mtu mzima ndani yake.

Ningemwambia mamake siku ile ile, yangekwisha. Sikusema. Nilijipigia hesabu kwamba harusi ziko nyingi, Jumamosi nitamchekesha tena. Nikamtumia binti ile sufuria. Bi Zuhura aliponiuliza, "Imefika?" nikamjibu, "Imefika, mama." Akashukuru Mungu, akanipakulia biriani ya kwenda nayo nyumbani.

Jumamosi alikuwa kitandani. Hakuinuka tena.

Mwanakheri aliwasili siku ya hitima, mazishi yamepita bila yeye. Alinifuata dukani na karatasi. Alikuwa ameichapisha ile picha ya sufuria. Pembeni kabisa, pale kisu changu kilipopita, mfuniko ulikuwa umeshikwa na mkono mdogo kama punje ya mchele.

"Huu mkono wa mama," alisema. "Bangili yake naijua. Kakangu, uso uko wapi?"

Nikaifungua picha kwenye kompyuta, nikaukuza ule mkono, nikaukuza tena, mpaka vidole vikawa viraba vya rangi. Nikamweleza yote, pamoja na lile neno "imefika". Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Kwa hivyo alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Akicheka vipi?"

Sikuwa na cha kumwonyesha.

Tangu hapo nakagua kila kitu mara mbili, na wanaonicheka nawaacha wacheke. Nawe, mwanangu, unayeanza kazi hii, picha ya asili usiiguse. Iweke mahali pake, kisha mahali pa pili, ndipo utoe nakala, uipe jina jingine. Hiyo ndiyo ukate, ndiyo upunguze upendavyo. Kabla hujatuma, ifungue uitazame ni ipi. Kilichopunguzwa hakirudi kwa kukuzwa, na kadi usiifute kwa sababu ya haraka ya kesho. Tena ukikosea, sema siku hiyo hiyo, angali hai mtu wa kuchekeshwa tena. Kosa langu lilikuwa la dakika moja. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomnyima Mwanakheri uso wa mamake.

Mola akujaalie wazazi wako uwashibe kwa macho, wakiwa mbele yako wanakusema na kukucheka, na picha zao ziwe ni ziada tu. Amin.