Shangazi Aliyekula Sombe

Mke wangu ni askari. Mwaka ule walimpeleka mashariki, nami nikabaki Kasongo na binti yake, aliyekuwa na miaka minane. Baba mzazi wa mtoto yuko Salamabila, anachimba dhahabu. Aliondoka binti angali ananyonya. Mimi nilimkuta anatambaa, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa "papa".

Asubuhi moja dada wa huyo mchimbaji alifika kutoka Lusangi kwa pikipiki, matope hadi magotini.

"Nimekuja kuchukua mutoto wetu," alisema kabla hajashuka vizuri. "Mama yake iko kwenye vita. Weye ni nani kwake?"

"Karibu kwanza, mama. Keti."

"Siketi. Na maji yako siyataki."

Nilimwelewa. Kwetu, mwenye kesi hatii mdomo kwenye chakula cha yule anayemshitaki mpaka maneno yaishe. Akila, amesema hana ugomvi naye. Basi alikalia begi lake barazani, akanipa mgongo. Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa anayeamua kesi zetu, alikuwa shambani, angerudi alasiri. Niliingia jikoni nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, maana mtoto angetoka shule na njaa, na maana mikono yangu ilitaka kazi. Nilijua sheria ya damu iko upande wa nani. Huenda jioni ile kitanda kimoja kingebaki kitupu.

Binti alirudi, akamwona mgeni, akapiga goti kumsalimu. Alipakua bugali na sombe yenye mawese, akampelekea barazani kwa mikono miwili. Nilichungulia dirishani. Shangazi alitazama sahani. Akatazama barabara. Kisha akanawa.

Shefu alipofika, nilivaa shati safi upesi nikatoka. Swali lake la kwanza lilikuwa la chakula.

"Mama, umekula hapa?"

"Nimekula ya mutoto wetu, shefu. Si ya huyu baba."

Majirani waliokuwa wamejaa uani wakaguna. Mimi nilikuwa nimempigia mke wangu na kuweka simu kwenye kiti, sauti juu, asikie kila kitu.

Shefu akamgeukia binti. "Nani alipika?"

"Papa."

"Anapika kila siku?"

"Kila siku. Hata mama akiwa hapa. Ile ya mama inaungua."

"Nasikia!" simu ikapiga kelele, na ua wote ukacheka.

"Wifi," mke wangu akaendelea, "sombe ilikuwa namna gani?"

Shangazi alijikaza asicheke, akashindwa. Mabega yakaanza kutikisika. "Ilikuwa muzuri, wifi. Nimeomba ya pili. Ile pikipiki inatoa tumbo nje, njaa iliniuma, ningefanya nini?"

"Basi kesi umeikula mwenyewe," shefu akasema.

Lakini shangazi alifuta macho, na sauti yake ikabadilika. Alisema bibi wa mtoto amezeeka kule Lusangi na kila siku anauliza sura ya mjukuu wake ikoje. Watu wanamwambia mtoto amepotelea kwa watu wengine. Hapo hakuna aliyecheka. Nami niliona aibu kidogo, kwa sababu sikuwahi kumfikiria huyo bibi.

Mke wangu ndiye aliyetoa njia. Shule binti asomee Kasongo, kwangu. Likizo kubwa aende Lusangi, na shangazi aje kumchukua mwenyewe.

"Na nikikuta hayuko tayari?" shangazi akauliza.

"Atakuwa tayari," nilisema. "Nitafunga mizigo yake mwenyewe."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sawa, shemeji," akasema, na safari hii akaketi kwenye kiti.

Alilala chumba kimoja na binti. Nilisikia wakihesabiana ndugu, huyu mtoto wa nani, yule mtoto wa nani, na binti akikosea makusudi ili aelezwe tena.

Nilitoka uani kumpigia mke wangu.

"Uliogopa?" akauliza.

"Mimi? Hapana."

"Aliogopa, mama!" binti akapaza sauti kutoka ndani. "Amevaa shati ndani nje tangu kesi ianze! Hata shefu ameona!"

Nilijitazama kifuani. Mishono yote ilikuwa nje. Mke wangu alicheka mpaka rezo ya simu ikakatika.