Udongo Nilioula Mahakamani London

Nilipiga magoti katikati ya ukumbi wa mahakama kuu ya London, nikafungua kitambaa, nikala udongo. Ulikuwa mkavu, una vijizizi vya nyasi ndani. Mawakili wenye majoho meusi walinipita wakiinua nguo zao kama watu wanaokwepa mavi ya kuku. Askari akanishika kwapani. Memsab wangu, bibi mzee wa kizungu aliyenileta huko, alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Mama, wewe nakula nini?"

"Kiapo, Memsab."

"Hapa hapana mahali ya kula!"

Kweli hapakuwa. Lakini kilichoniuma si udongo wala askari. Iliniuma kwamba nilikuwa nakula peke yangu, na kiapo kile huliwa na watu wawili.

Ngoja nianze mwanzo. Baada ya Uhuru, mzungu wa Nyansiongo alipoondoka na mbwa wake, shamba lake lilikatwa vipande, na mume wangu akapata kimoja. Kwanza tulilala kwenye zizi la ndama la mzungu huyo, na niwaambie, ndama wake walilala vizuri kuliko watu wengi wa kwetu. Hatujamaliza kuezeka nyumba, mume wangu akafa kwa homa. Tulimzika kando ya zizi. Kaka yake mkubwa akaja matangani na blanketi moja. Matanga yakaisha, blanketi likabaki. Baadaye likaja godoro, wakaja ng'ombe, akaja na mke wake.

Jina lake siandiki, lakini watu wa Nyansiongo watamjua. Ni yule mwenye matege, sauti nzito ya kwaya ya Sabato, asiyekunywa majani ya chai kwa sababu ya dini lakini kutwa anayachuma kwenye shamba la mjane.

Alipodai shamba ni lake, niliwaendea wazee. Wakasema nyote wawili mtakuja kaburini, mtakula udongo wa shamba. Ndicho kiapo chetu, emuma: anayesema uongo huvimba tumbo, na nyumba yake ikaisha. Sisi Wagusii tunaweza kumdanganya pasta asubuhi na hakimu mchana, lakini udongo ule hatuuchezei. Siku ilipofika, shemeji alikuja na suti, Biblia na chifu.

"Mke wetu," akaniambia mbele ya watu, "mimi ni mtu wa kanisa, siapi kwa udongo. Kesi hii nimeikatia rufaa. Imeenda London."

"London kwa nani?"

"Kwa majaji wenyewe, wale wa kuvaa manyoya ya kondoo kichwani. Wewe ngoja jibu."

Chifu akakubali kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa kuku wangu. Basi chifu, na wewe nimekutaja. Wazee wakaiogopa London, wakaokota fimbo zao, wakaenda zao. Mimi nikaambiwa nikangojee kwetu Nyamache, kwenye kibanda kati ya migomba ya ndugu yangu. Kila nikiuliza, shemeji hujibu, "Majaji bado wanasoma." Mtoto wangu mmoja nilimzika huko Nyamache, mbali na baba yake, majaji wanasoma.

Mwishowe nikapata kazi ya kumpikia Memsab mjini Kisii. Miguu yake ilipoharibika akaamua kwenda kwao kutibiwa, akataka mtu wa kumshika mkono. Wenzangu waliniagiza viatu. Mimi nilikuwa na langu. Jumamosi moja, shemeji akiwa kanisani ananguruma, nilikwenda kaburini nikachota udongo, nikaufunga kwenye kitambaa. Majaji wakiniambia niape, ningekula udongo gani, wa London?

Sasa jumba lile. Minara juu ya minara, kama kanisa lililozaa na ngome. Dari iko mbali hivi kwamba moshi wa jiko langu ungechoka njiani. Mahindi ya kwetu Borabu nzima yangeanikwa mle na nafasi ibaki, lakini hakuna aliyekuwa ameanika kitu. Na kweli watu walipita na manyoya ya kondoo kichwani. Nikafurahi. Nikasema, kumbe shemeji hakudanganya.

Nikamwomba Memsab aniulizie. Mzee wa mlangoni, mwenye vifungo vya kung'aa, alisikiliza kwa adabu, akaenda ndani kuuliza, akarudi.

"Nasema hapana kesi kama hiyo," Memsab akatafsiri. "Kesi ya Kenya nakuja hapa zamani, sasa hapana kuja. Nyinyi iko na majaji yenu."

"Mwambie aangalie tena. Ya Nyansiongo."

"Yeye nauliza, Nyansiongo ni kitu gani?"

Hapo ndipo nilipopiga magoti. Askari aliponiinua nilikuwa nimemeza nusu. Alitaka kumwaga iliyobaki, nikaifumbata mpaka Memsab akamsemesha, akaniachia.

Shemeji, London nimefika. Hawakujui. Tumbo langu halijavimba mpaka leo, na naendelea kula vizuri. Nataka uje kaburini kwa mdogo wako, bila suti, uwaambie watu ni jaji gani aliyekuwa anasoma. Chifu naye aje, amestaafu, nafasi anayo. Safari hii hakuna kuku. Ukikosa la kusema, nusu yako ninayo kwenye kitambaa. Mimi nimeshakula. Njoo ule.