Yago tuliyoikuta kwenye escape room Homa Bay

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii nimekaa nayo wiki kadhaa nikiogopa mtanicheka. Sasa nimeamua liwe liwalo. Sijaongeza chumvi. Mwenye ataona ni hekaya aendelee na maisha yake, mimi nilikuwa pale na miguu yangu miwili.

Mimi ni dereva wa lori la miwa hapa Awendo. Mtu wa kelele kidogo, na story za majini sina time nazo. Wife anaitwa Robi, Mkuria wa Kegonga. Huyo sasa kelele zake zinashinda zangu.

Halafu kuna Ouma, beshte yangu tangu primary. Kwao ni Nyatike, karibu na Macalder, pale watu huchimba dhahabu.

Hapa msome polepole, juu bila hii hamtaelewa kitu.

Ouma alikuwa na kaka mkubwa, Ochieng, mchimbaji. Mwaka juzi shimo liliporomoka. Wengine walitolewa, Ochieng hakupatikana. Mtu mmoja akasema alimwona akishuka asubuhi. Mwingine akasema wapi, huyo alikuwa ashavuka Tanzania kutafuta machimbo ya huko.

Familia ikangoja mpaka ikachoka. Kwetu Waluo, mwili ukikosekana kabisa, tunazika yago badala yake. Yago ni lile tunda refu, zito, linaning'inia kwa mti kama soseji ya jitu. Linawekwa kwa jeneza, linaliliwa kama mtu, linazikwa. Baada ya hapo huyo mtu amezikwa, basi.

Ouma alikataa. Siku ya mazishi hakutokea. Alisema hawezi kurushia tunda mchanga na kaka yake yuko hai mahali.

Tangu hapo mtu wangu akaharibika. Halali. Kazi ya welding akaacha. Akipata nauli anavuka border kwenda kuuliza machimboni, anarudi amekonda zaidi. Kwao akaacha kwenda, akawa analala kwa kibanda cha welding huku Migori.

Na mama yake naye, ingawa yeye alirusha mchanga siku ile, mlango wake hakuwahi tena kuutia komeo. Ukibisha hodi tu anajibu kutoka ndani, "Donji, Ochieng." Ingia, Ochieng. Hata kama ni mimi nimepeleka sukari. Aki hiyo kitu ilikuwa inaniuma, nilikuwa naingia nikiangalia chini.

Sasa Robi akaja na idea. Tumtoe Ouma out, acheke hata kidogo. Aliona poster WhatsApp, escape room imefunguliwa Homa Bay, adventure ya msituni. Mnafungiwa chumbani, mnatafuta clue moja baada ya nyingine mpaka mpate ufunguo. Mimi niliona ni ujinga, kulipa ndio nifungiwe, na polisi wanafanya hiyo kazi bure. Lakini mkishaoa mtajua, Robi akiamua ameamua.

Tukaenda Jumamosi. Mwenyewe ni kijana wa Nairobi, tumuite Kevo, mpole sana, amekodi nyumba ya zamani karibu na ziwa. Akatuonyesha kengele ya kubonyeza tukishindwa. Akafunga mlango kwa nje, tukasikia ufunguo ukizunguka.

Ndani alikuwa amejaribu, nisimdharau. Majani ya plastiki kila mahali, taa ya kijani, spika zinalia ndege na vyura. Kwenye kona kuna rundo la mchanga. Katikati, sanduku refu la mbao lenye kufuli ya namba.

Ukutani kumeandikwa clue ya kwanza.

"Mwenzenu alipotea msituni. Mtafuteni. Hamtoki bila yeye."

Nikamwangalia Ouma. Uso wake ulikuwa umekauka. Nikaenda kubonyeza kengele tutoke, nilijua tumeharibu. Akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Tumtafute."

Basi tukatafuta. Robi alizipata namba chini ya buti kuukuu, akapiga vigelegele peke yake. Kufuli ikaachia. Tukainua kifuniko.

Ndani kulikuwa na yago.

Imevishwa shati la khaki, vifungo vyote vimefungwa, kofia imewekwa upande wa kichwa. Robi akaanza kucheka, "Kumbe mpotevu ndio huyu?" Akatuona sisi wawili, kicheko kikakatika. Nikamweleza kwa sauti ya chini ni nini, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Kevo hakujua, wakuu. Nawaambia kabisa alikuwa hajui. Aliliokota tunda kando ya mto, akaona linakaa kitu cha msituni. Sasa angejua aje?

Kwa shati kulikuwa na karatasi imebandikwa. "Ufunguo uko tumboni. Mpasue." Na pembeni msumeno mdogo.

Hapo ndipo niligundua ndege na vyura wa spika wamenyamaza. Na harufu ya udongo ilikuwa imeingia, ile ya shimo linalochimbwa saa hiyo, mbichi. Mchanga wa Kevo ulikuwa mkavu, nilikuwa nimeukanyaga. Nikasogea karibu na mlango, na mimi ni mtu mzima na watoto watatu.

Robi, kwa uoga tu, alitaka tutoke haraka. Akachukua msumeno.

"Hakuna mtu atampasua huyu," Ouma akasema. Hakupaza sauti. Robi akauweka chini.

Ouma akapiga magoti kando ya sanduku. Halafu akaanza kuongea Kiluo, polepole, kama mtu amekutana na mtu wake stage.

"Omera, ndugu yangu, nimekutafuta mpaka nimechoka. Kama ni wewe uliniita huku, sawa. Nimefika."

Akavua jaketi yake akalifunika lile tunda nayo. Akaenda kwa ule mchanga, akaanza kuchimba na mikono. Sikumuuliza kitu, nikachimba naye. Robi pia akaja akachimba, machozi yakimtoka.

Ouma akaniambia nishike upande wa miguu. Tunda halina miguu, lakini nilijua ni upande gani.

Sasa hapa ndipo watu watabisha. Mimi napakia miwa, uzito naujua. Hiyo yago tuliinua wanaume wawili na tukahema kama tumebeba mtu. Tukailaza. Ouma akarusha mchanga wa kwanza, halafu akalia. Alilia ile kilio alipaswa kulia mwaka juzi kwao, mbele ya watu. Mimi nilishindwa kujizuia, nikalia naye.

Tulipomaliza kufunika, ufunguo ukazunguka mlangoni. Sauti ile ile ya mwanzo. Mlango ukaachia nafasi kidogo.

Nikatoka mbio nimshukuru Kevo kwa kutuhurumia. Koridoni hakuna mtu. Kevo nilimpata barazani, anakula mahindi choma, ufunguo wake uko shingoni kwa kamba. Akashtuka kuniona. "Mmetokaje? Mmeupata?"

Aliingia mwenyewe akaangalia. Akafukua mchanga kidogo upande mmoja, akagusa pale alipoziba tunda na gundi. Gundi nzima. Ufunguo wa pili bado uko tumboni. Anaapa kuwa alifunga, na sisi watatu tulimsikia akifunga. Nilipomwambia yago ni nini kwetu, mahindi yalimshinda. Ouma alimwomba airudishe chini ya mti wake, na isipasuliwe. Akakubali bila swali.

Kwa gari Ouma akasema kitu kimoja tu. "Nipeleke kwa mama."

Nawahakikishia hakuna aliyepiga simu. Nilikuwa naye njia yote, simu yake ilikuwa imezima chaji. Tulifika jua likizama.

Ouma akabisha hodi. Mimi nikainamisha kichwa, nikingoja ile "Donji, Ochieng."

Haikuja. Ouma akasukuma mlango. Umetiwa komeo.

"Ni nani?" mama akauliza kutoka ndani.

Wakuu, tangu mwaka juzi sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo.

"Ni mimi, mama. Ouma."

Komeo ikatoka. Mama akamtazama kijana wake, akatazama mikono yake, mchanga bado uko kwa kucha. Hakuuliza tumetoka wapi. Alisema alilala kwa kiti mchana, na alipoamka aliona tu afunge.

"Mwenye alikuwa amebaki nje ni wewe peke yako," akasema.

Akaleta maji kwa beseni, akamnawisha mikono kama mtoto.

Sasa hivi Ouma amerudi kwa welding, na wikendi analala kwao. Nilichojifunza mimi: mtu akikataa kuzika, msimsukume na msimcheke. Na wewe unayefungua biashara mahali si kwenu, uliza wenyeji kabla hujaokota kitu kando ya mto.

Robi anasema kufuli ilikuwa mbovu. Anasema hivyo mchana, jua likizama anataka tubadilishe story. Kama kuna fundi wa kufuli humu, njoo unieleze vile ufunguo unaweza kuzunguka bila mkono. Nitakusikiliza, kweli nataka kusikia.