Mtoto wa Uani kwa Mwenyekiti

Apolonia alikuwa na hasira za kudumu, kama watu wengine walivyo na pumu. Hakuzaliwa nazo. Kwao Peramiho alikuwa msichana wa kucheka ovyo, mpaka masista walikuwa wakimtoa nje ya kanisa. Hasira alizikuta Dar es Salaam, na wa kwanza kumletea alikuwa mumewe mwenyewe.

Mume huyo, Alfonsi, alikuwa kuli wa bandarini. Walijenga nyumba yao ya udongo huko Yombo, wakapata mtoto mmoja wa kiume, Albano. Mtoto akafika miaka minne hajatamka neno la kueleweka. Alfonsi akamtazama, akamtazama tena, kisha akasema, "Kwetu hatuna damu ya namna hii." Akapanda basi la Songea kwenda kusalimia wazee. Mpaka leo anasalimia.

Apolonia hakulia. Alinunua masufuria mawili makubwa, akaanza kuwapikia vibarua ugali na maharage kwenye geti la kiwanda cha nguo. Albano alikuwa naye kutwa, akichota maji na kuosha sahani, na alizipenda sahani zake kama watoto wengine wanavyopenda mpira. Kibarua mmoja alimwita zezeta. Kibarua huyo alimwagiwa mchuzi wa maharage, tena wa moto, na tangu hapo wateja wote wakajifunza kumwita kwa jina lake.

Halafu ukaja ule mwaka wa elimu kwa wote. Redio ilitangaza asubuhi, mchana na jioni: kila mtoto aliyetimiza miaka saba aende shule, na mzazi atakayemzuia atafikishwa mahakamani. Apolonia alimwogesha Albano, akampaka mafuta mpaka akameremeta, akamshika mkono. Mwalimu mkuu alimuuliza mtoto jina lake mara mbili. Albano akacheka tu.

"Mama, huyu atanipotezea muda," mwalimu akasema.

"Redio imesema watoto wote."

"Wote wenye akili zao, mama."

Basi tuelezwe sisi tusiosoma: wote ni nani? Maana wakati wa kuchangia matofali ya shule hiyo, Apolonia alikuwa mmoja wa wote. Wakati wa kufyeka uwanja, wote. Wakati wa kupanga foleni ya sukari na kurudi na kikapu kitupu, wote, tena mstari wa mbele. Ilipofika zamu ya mtoto wake, neno likapunguzwa kidogo, kama unga wa duka la ushirika. Tangu siku ile, mwaka mzima hakumsalimia mwalimu yule.

Miaka ikapita. Ukaja mwaka ambao dunia nzima iliambiwa ni wa walemavu, na Halmashauri nayo ikakumbuka kwamba inao. Ikatoka habari kwamba itajengwa shule ya watoto wazito wa kujifunza, na kwamba kiwanja kilicho nyuma ya shule ya msingi ya Yombo kinatazamwa. Afisa wa ustawi wa jamii, Bibi Kokushubila, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya upole na miwani mizito, akaomba mabalozi wa nyumba kumi kumi wapite kuuliza watoto hao wako wangapi.

Mabalozi wakapita. Kila nyumba ikasema, "Hapa hatuna." Yombo nzima akapatikana mtoto mmoja: Albano wa Apolonia.

Uongo mtupu! Kila mtu alijua ni uongo. Ila huo ndio ugonjwa wetu. Mtoto akiwa hivyo, hafi wala haishi: anawekwa chumba cha nyuma, mgeni akibisha anafungiwa, na mama yake akiulizwa ana watoto wangapi anapunguza mmoja. Wazazi wanaogopa mabinti zao wengine hawataolewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tunaisema methali hiyo huku tumeegemea mlango uliofungwa.

Apolonia alikuwa na sababu yake ya kujua. Ua wake wa makuti ulipakana na wa Adelard, mwenyekiti wa tawi. Masika moja ua ule ulianguka, akamwona Yuliana, mke wa mwenyekiti, akimwogesha msichana mkubwa ambaye hakuna jirani aliyewahi kumwona. Yuliana aliweka kidole mdomoni. Macho yake yalisihi. Apolonia akaitikia kwa kichwa, akausimamisha ua kwa mikono yake, na siri ile akaitunza. Hata hivyo, kila asubuhi watoto wa shule walipoimba mstarini, alimsikia yule msichana akiimba nao kutoka nyuma ya makuti.

Mkutano uliitishwa Jumapili, ndani ya darasa. Watu wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Adelard alikaa mbele na Bibi Kokushubila. Alikuwa mtu mzuri wa maneno, Mhehe wa Iringa, shati lake la kijani limenyooshwa vizuri.

"Ndugu wananchi," akasema, "Halmashauri ina nia njema, na sie tunaishukuru. Lakini tumeuliza nyumba zote, mtoto ni mmoja. Shule haijengwi kwa ajili ya mtoto mmoja. Mie napendekeza kiwanja kile tujenge ghala la duka letu la ushirika."

Bibi Kokushubila akavua miwani, akaifuta. "Wakipatikana hata kumi, kiwanja ni cha shule," akasema. "Wasipopatikana leo, mpango unahamia kwingine. Mimi sina la kufanya."

Akauliza kama yupo mwenye mtoto wa namna hiyo, anyooshe mkono. Mkono wa Apolonia ulikuwa juu zamani. Akageuka kuangalia nyuma. Watu wale, ambao baadhi yao alikuwa akiwasikia wakiwabembeleza watoto wao ndani kwa ndani, walikuwa wanatazama dari. Hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Akasimama.

Apolonia alikuwa Mngoni, na Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kununa. Hata msibani, mtani husema ambalo ndugu hawezi kulisema. Apolonia akaona hiyo ndiyo njia: atausema ukweli kwa mlango wa utani, na Yuliana hataumia sana.

"Mhehe wewe!" akapaza sauti. "Babu zako waliwasikia Wangoni wanakuja, wakaficha ng'ombe msituni. Wewe umeficha nini uani kwako?"

Darasa likaangua kicheko. Wengine wakapiga madawati.

"Mngoni, usinisumbue," Adelard akajibu papo hapo. "Nimeficha ng'ombe mmoja aliyebaki. Nyie mlimaliza wengine wote!"

Kicheko kikazidi, watu wanafuta machozi. Alikosea Apolonia, na kosa lenyewe ni la watu wa kwetu tu: alilifunga jambo zito kwenye utani, na watu wakapokea utani, jambo lenyewe wakaliacha palepale. Adelard naye akacheka, akakunja karatasi zake na kusema mkutano ufungwe.

"Sitanii," Apolonia akasema.

Walioketi karibu wakaacha kucheka. Mtani hasemi hivyo. Akishasema hivyo, ameuvunja utani, na kilichobaki ni ugomvi.

"Sitanii, Adelard. Una binti uani kwako. Mkubwa kuliko Albano wangu. Mie namsikiaga kila siku anaimba. Unakaa hapa unahesabu mtoto mmoja, na wako je? Unataka ghala! Utaweka nini humo, na sukari yenyewe haipo?"

Adelard alibadilika rangi. "Sina mtoto wa namna hiyo," akasema.

Yuliana alikuwa amekaa na akina mama karibu na mlango. Aliposikia maneno hayo alisimama, akajifunga khanga vizuri, akatoka nje bila kumtazama mtu. Darasa zima likamwona anatoka, na kutoka kwake kukatosha kuwa jibu.

Mzee Nasser, mwenye duka, aliyeheshimiwa na wote kwa umri wake, akainuka taratibu akishikilia dawati.

"Ninaye mjukuu," akasema. "Mtoto wa binti yangu Bahiya. Tumesema yuko Unguja. Hayuko Unguja." Akakaa, akaufunika uso kwa kofia yake.

Baada yake ukanyanyuka mkono mwingine, na mwingine, hata wa balozi mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza. Mama mmoja akanyoosha miwili. Bibi Kokushubila hakusubiri hesabu ikamilike. "Ghala litafutie mahali pengine, ndugu Mwenyekiti," akasema, na sauti yake haikuwa ya upole tena. Adelard alikuwa anaangalia mikono yake mezani.

Apolonia hakufurahi. Furaha gani? Walikuwepo wote hawa, miaka yote hii, na Albano akakaa peke yake na sahani zake.

Ndipo Yuliana akarudi. Alikuwa amemshika mkono msichana mrefu, mwembamba, amevaa gauni la mama yake, amekunja uso kwa umati ambao hakuuzoea. Watu wakapisha njia. Yuliana alipita mbele ya mumewe kama hayupo, akasimama mbele ya Bibi Kokushubila.

"Anaitwa Anjelina Adelard," akasema. "Mwandike."

Kisha akamgeukia Apolonia.

"Nilikuomba. Ulinikubalia. Leo umenivua nguo mbele za watu. Wewe sitakusamehe, leo wala kesho."

"Usinisamehe," Apolonia akasema.

Akasogea mpaka mwisho wa dawati, akampisha Anjelina akae.