Bi Raya kaniokoa kwa Alhamdulillahi

Jamani, leo nusura niikimbie Pemba!

Bingwa wa kuwafundisha wazee wa klabu yetu ya taarabu kuandika noti za muziki kwenye kompyuta si mie? Basi Bi Raya, mpiga fidla, alikuwa anaandika wimbo wa marehemu mumewe, anaoukumbuka yeye peke yake.

Mara umeme, pu! Kompyuta ikazima.

Kuhifadhi kazi sijawafundisha bado!

"Bi Raya, nisamehe, wimbo umepotea."

"Upotee wende wapi? Jana nilikuona ukimaliza unabonyeza hapa. Basi mie kila mstari nikimaliza, nasema Alhamdulillahi, nabonyeza."

Umeme uliporudi, nikawasha kompyuta, ikaupiga wimbo wote. Bi Raya akafuta machozi.

"Punguza mwendo, mwanangu. Marehemu hakuwa na haraka hivi."

Mwenye mwanafunzi wa kumshinda huyu amlete!