Ukurasa wa Moshi

Nakumbuka siku moja ya kuchambua pamba, nikiwa msichana wa sekondari niliyerudi likizo kijijini kwetu upande wa Magu. Bibi yangu Nkwimba, aliyemzaa baba, hakujua kusoma hata jina lake, lakini alipenda kusomewa kuliko mtoto anavyopenda muwa. Mwaka ule tulikuwa na riwaya moja shuleni, iliyokuwa mdomoni mwa kila mwanafunzi, ya kikongwe wa Usukumani anayedhaniwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Nikawa namsomea bibi kidogo kidogo, mikono yake ikiwa kwenye pamba na yangu kwenye kitabu.

Tulikaribia mahali ambapo vijana wanashika mapanga kwenda kwa yule kikongwe. Mimi roho ilikuwa juu. Lakini kabla ya kuwafikia hao vijana, mwandishi ameweka ukurasa mzima wa moshi. Moshi tu, mwanangu. Anaeleza jinsi miti ilivyokwisha nchini, jinsi kikongwe anavyopikia mavi makavu ya ng'ombe, mvua inavyoyalowesha, na yeye anavyoinama kupuliza hadi machozi yamtoke, akijipangusa kwa pindo la kanga. Nikaona ananichelewesha. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Umeruka," bibi akasema.

Nikabisha. Ujana una ulimi mwepesi. Bibi akaweka pamba chini.

"Huyo mama ana macho mekundu, na hujaniambia yamekuwaje mekundu. Sasa hao vijana wakimuua, mimi nitajuaje kama wamekosea? Rudi nyuma."

Nikarudi. Nilipomaliza ukurasa ule nikainua uso, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho ya bibi yangu. Nilikuwa nimeyatazama tangu nizaliwe, lakini sikuwa nimeyaona. Yalikuwa mekundu, kope zimevimba, na nyuma yake jikoni mavi ya ng'ombe yalikuwa yanafuka. Miaka ile vikongwe walikuwa wanauawa huku kwetu, si hadithi. Bibi alikuwa anafunga mlango jua likiwa bado juu, nami nikidhani ni tabia za uzee tu. Nikashindwa kuendelea kusoma.

Tangu siku ile, kila jirani akija bibi alinituma kitabu, nisome ukurasa wa moshi peke yake. Vijana wa kijiji walinitania wakaniita mwalimu wa moshi. Sijui kama ni kitabu kilichomwokoa au ni watu tu waliochoka kumsema, lakini bibi Nkwimba alikufa kitandani mwake, kwa uzee.

Sasa umeniuliza, mwanangu, kati ya filamu na kitabu kipi bora. Ngoja nikueleze, maana swali lako limenikuta pabaya.

Mimi niliolewa hapa mjini, mtaa wa Igogo, na karibu umri wangu wote nimebanika samaki. Kibanda changu umekiona, kidogo na kina dirisha moja. Sato anataka moto mdogo na moshi mwingi, na anayemgeuza ni mimi, uso wangu juu yake. Kwa hiyo na mimi nimezeeka na macho ya bibi yangu.

Mwaka huu ile riwaya ikatengenezewa filamu. Mjukuu wangu Esta akaja mbio kuniambia, akanipeleka Jumapili mchana baada ya misa kwenye banda la video. Nilivaa kitenge changu kizuri kama anayekwenda harusini. Na sitaisema vibaya filamu ile mahali isipostahili. Ilinionyesha ziwa na mawe yetu kwa namna ambayo mwandishi hakuweza. Wimbo wa kulima, ambao kitabuni ni mistari miwili, pale waliuimba watu wazima kwa sauti zao, nikalia. Nikasema moyoni, laiti bibi angeyaona haya.

Kisha kikongwe akatokea. Ngoma ikapigwa, macho yake mekundu yakajaza kitambaa chote cha kuonyeshea, na pembeni fisi akacheka. Watu wakapiga kelele. Mimi nikawa nangoja moshi. Nikangoja, mwanangu, kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi. Vijana wakashika mapanga, wakaenda, na moshi haukuja. Yule fisi kitabuni hayupo kabisa. Na watu pale ndani wakawashangilia wenye mapanga.

Kitabuni msomaji anafunga ukurasa wa mwisho akimlilia yule mama. Pale bandani watu walitoka wamefurahi. Taa ilipowashwa, mtoto aliyekaa mbele yetu akageuka, akayatazama macho yangu, akamshika mama yake nguo. Nikainama nikajifanya natafuta ndara.

Baada ya hapo mtaa ukabadilika. Watoto waliokuwa wakinipa shikamoo toka mbali wakawa wanavuka njia. Wateja wa sato wakapungua. Na kwa bahati mbaya kijana Masanja, jirani yangu ninayepakana naye ukuta, mtoto wake akashikwa na homa. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilimwomba Mungu mtoto apone, na nilikuwa naomba kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nilijua akifa yule mtoto, mimi siponi.

Siku ya pili ya homa ile, mchana, Masanja akaja na vijana wawili wakasimama mlangoni pa kibanda changu. Hakuniamkia. Masanja huyo huyo niliyempa mkia wa samaki tangu hajaota meno.

"Bibi," akasema, "watu wanasema usiku unatoka."

Nikamwambia usiku mimi nalala, miguu inauma. Akatazama chini, kisha akatazama macho yangu.

"Lisemwalo lipo, bibi."

Nilitaka kukimbia, lakini nikimbilie wapi na uzee huu? Hapo nikamsikia bibi Nkwimba kama yuko nyuma yangu na pamba yake, akinirudia maneno yake: Rudi nyuma. Nikamwambia Masanja, kama umekuja kunihukumu, ingia kwanza unisaidie kugeuza samaki, wanaungua. Akasita. Wenzake wakamtazama. Nadhani aliona aibu kuogopa bibi mbele yao, akaingia. Nikaongeza majani mabichi kwenye moto, nikafunga mlango.

Aligeuza safu ya kwanza. Ya pili akaanza kukohoa. Ya tatu hakuimaliza, akausukuma mlango akatoka nje anapepesuka, machozi yanamtiririka. Mwenzake mmoja akacheka, kisha kicheko kikamkatika.

"Masanja," akasema taratibu, "macho yako."

Masanja akasogea kwenye kioo cha pikipiki yake akajitazama. Mimi nikaingia nyumbani nikatoa kile kitabu nilichomsomea bibi, kimeliwa kona na mende, nikakifungua mahali kinapojifungua chenyewe, nikampa asome kwa sauti. Alisoma akipangusa macho kwa shati lake. Alipomaliza akauliza kwa nini hili halimo kwenye filamu. Nikamwambia sijui, pengine walikuwa na haraka, kama nilivyokuwa mimi. Kisha nikamwomba ampakie mtoto kwenye hiyo pikipiki ampeleke zahanati sasa hivi. Alimpeleka. Ilikuwa malaria.

Mtoto amepona, na Masanja ananiamkia. Lakini nisikudanganye, hofu haijaniisha. Filamu bado inaonyeshwa, Magu na Kisesa na kote huko, na kibanda changu ni kidogo, hakiwezi kuingiza watu wote. Siku hizi na mimi nafunga mlango jua likiwa juu.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nakuambia mwanangu, tazama, kisha uliza. Furahia filamu, sikukatazi, ina uzuri wake. Lakini ukishamwona mtu wa kutisha ndani yake, nenda kwenye kitabu ukatafute kitu walichokiacha, na usikiruke kwa sababu kinachosha. Kama siku moja utashika kamera wewe mwenyewe, punguza utakachopunguza, ila moshi uuache, maana ukiuondoa kuna bibi wa mtu huku nje atakayelipa.

Mungu akulinde, akupe macho mazima na subira ya kusoma. Na akikujalia uzee, akujalie pia jirani asiyeruka kurasa.