Mvuke Uliofichua Masikio ya Suzhen

Giza bado limetanda, mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni. Mzee Geng anausikia akiwa kitandani na kumgusa mkewe begani. "Mama Lifeng, maji yanachemka."

Qiao Suzhen, mwenye miaka hamsini na saba, anaamka kupanga mikate ya mvuke, iliyojazwa kabichi au nyama, kwenye vikapu vya mianzi. Kukipambazuka, foleni imeshafika kwenye dirisha la kibanda chao hapa Shijiazhuang. Siku hizi dirishani anasimama Mzee Geng. Suzhen yuko nyuma, anakanda unga.

Ujana wake wote alifuma vitambaa kiwandani. Kwenye kelele za mitambo ile, wafumaji huzungumza kwa midomo tu, bila sauti. "Tulimsengenya msimamizi akiwa katikati yetu," anasema akicheka. "Hakuambulia kitu."

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Masikio yaliharibika kidogo kidogo, naye akawa anasoma midomo ya wateja bila kujijua. Baridi ilipoingia, mvuke ukatanda dirishani na nyuso zikapotea. Waliotaka kabichi wakapewa nyama.

"Shangazi, unanilisha nyama kwa nguvu?" dereva mmoja wa teksi alimtania. "Basi lipa wewe."

Mwanawe, Lifeng, hakuona cha kuchekesha. Alisema ikifika Mwaka Mpya mama bado anakosea, kibanda kifungwe, ahamie kwao.

"Nije kwenu nitazame ukuta?" Suzhen alimuuliza. "Mkono wangu haujazoea kukaa bure."

Kliniki, mpimaji alifunika mdomo wake kwa karatasi, akamtajia maneno. Suzhen hakufikisha hata nusu. Mpimaji akamweleza kwamba kelele zimeua vijinyweleo vya ndani kabisa ya sikio, vile vinavyopokea sauti nyembamba. Kupanda na kushuka kwa sauti, ambako ndiko kunakotenganisha maneno mengi ya Kichina, bado anakusikia. Zile sauti za mwanzo wa neno, nyepesi kama pumzi, ndizo zinazompita.

"Ni kama mtu anakuimbia wimbo unaoujua, ila maneno kayameza," Suzhen anasema.

Alivalishwa vifaa vya masikio. Wiki ya kwanza alitamani kuvitupa. Hata mfuko wa plastiki ulimpigia makelele. Mpimaji alimwambia avumilie, ubongo nao unahitaji kufundishwa upya.

Mwalimu akawa mjukuu wake, Ruirui, wa miaka sita. Kila jioni humtajia vyakula akiwa amempa kisogo. "Bibi, usichungulie," huonya.

Suzhen anataka dirisha lake kabla ya majira ya kuchipua. "Mzee ni mtu mwema," anasema, "lakini soga na wateja hajui. Anauza kama anayelinda geti."

Jumapili iliyopita Lifeng alikuja, akakaa na mikono kifuani. Ruirui akageukia ukuta, akaagiza kwa sauti ya kawaida.

Mzee Geng aliacha kutafuna.

"Miwili ya kabichi," Suzhen akasema taratibu, "mmoja wa nyama, na uji usio na sukari."

Mtoto akageuka, akamtazama baba yake.

"Baba, Bibi amesikia bila kuniangalia."